Chungu Kilichobaki Kimejaa

Wifi yangu mpendwa,

Barua za watu huanza kwa kuulizana hali. Wewe nitakuulizaje, na kaburi lako mpaka leo hatujaonyeshwa? Basi hali tuiache. Nitaanza na ulezi, huu wa kusaga, kwa sababu ulezi ndio tuliogombania siku zote tulizokaa nyumba moja, na ulezi ndio uliotufikisha tulikofika.

Unakumbuka ulivyorudi kwetu Chapwa. Ulitoka ng'ambo ya mpaka, migodini, mumeo amefukiwa na udongo huko chini, na ndugu zake wamekunyang'anya hata sufuria. Ulikuja na mkeka, kitabu cha nyimbo ulichokifunga kwenye kitambaa, na dini yenu. Kaka yako akasimama mlangoni akasema, "Nyumba hii ilikuwa yako kabla haijawa ya mke wangu." Nilinuna siku mbili. Mke gani anapenda kuambiwa hivyo mbele ya wifi yake? Wewe ukanicheka, ukaniambia, "Wifi, nyumba ni yako. Mimi nipe nafasi kwenye jiwe la kusagia tu." Tangu hapo tukawa tunasaga kwa zamu kwenye jiwe moja, wewe asubuhi, mimi jioni, na katikati tunasemana kutwa nzima.

Mimi ni mtu wa misheni. Huko ndiko nilikofundishwa kusoma na kuandika, na nilibatizwa kwa maji ya kiganja. Ninyi mlizamishwa mtoni wazima wazima na nguo zenu, kwa hiyo kijiji kikawaita watu wa mtoni, na jina likakaa. Hamkufika hata ishirini. Hamkuwa na mchungaji wala kengele. Pombe hamkunywa, wala kuipika hamkukubali. Mbele ya jumbe watu wote wanapiga magoti na makofi, ninyi mnasimama wima na kuinamisha kichwa kidogo, mkisema magoti ni ya Mungu peke yake. Na silaha hamkushika, hata fimbo ya kumpigia mwizi. Nilikuwa nakutania, "Na mbu je, hamuui?" Ukanijibu bila kuinua macho kwenye jiwe, "Mbu namuua, wifi. Sikuambiwa nimpende."

Kabla ya vita mlikuwa kichekesho tu. Watu walikuwa wanawaiga kwenye ngoma, mtu anajitia kuzama mtoni, anatoka amebeba samaki mdomoni, watu wanacheka, hata wewe uliwahi kucheka. Jumbe alikuwa akisema, "Hawa hawaniamkii vizuri, lakini kodi wanalipa na mashamba yao hayana magugu. Nitawafanya nini?" Ndivyo tulivyoishi. Hakuna aliyewapenda sana na hakuna aliyewagusa.

Vita ilipokuja, jumbe aliambiwa atoe vijana, na kaka yako akawa mmoja wao. Ulimfungia karanga za kukaanga kwenye kitambaa kilekile cha kitabu chako. Hukumwambia asiende, maana ulijua amri si yake. Ulimwambia tu, "Kaka, ukiweza kulenga juu, lenga juu." Akacheka akasema sajini atamtandika. Kisha akapanda lori la jeshi la Keya, na mimi na wewe tukarudi nyumbani kila mmoja ana lake moyoni.

Mwaka uliofuata ndipo karani wa boma alipokuja kwenye baraza na karatasi. Aliisoma kwa sauti ya puani. Serikali iko vitani. Vikundi vya dini visivyo na kibali vimepigwa marufuku kukusanyika. Nyimbo zao ni marufuku, vitabu vyao vitakusanywa. Atakayeonekana anawavunja watu moyo wasiende vitani, au wasiende kazini, atapelekwa kwa Bwana Shauri, mkuu wa boma. Hakuwataja, lakini watu wote waligeuza shingo wakawatazama ninyi. Na mimi, nisikufiche, sikusikitika siku hiyo. Nilijisemea kwamba sasa angalau utatulia nyumbani, tena nitapata mtu wa kunisaidia kufukuza ndege shambani siku za Jumapili.

Hukutulia. Wiki hazikupita nyingi ukanijia na shauri lenu, na mpaka leo nikilikumbuka nataka kucheka, halafu kicheko kinanikwama. Kusali pamoja mmekatazwa. Kulima pamoja je? Hapana, kulima kulihimizwa, serikali ilitaka chakula kwa ajili ya askari. Basi mtaitana kulimiana, leo kwa huyu, kesho kutwa kwa yule, kama watu wote wafanyavyo tangu babu zetu. Mtajipanga mstari, mtapalilia, na huku mnapalilia mtasema sala zenu chini chini, mstari huu unaanza, mstari ule unamalizia. Nani atakamata watu wanaong'oa magugu?

Kulikuwa na shida moja tu. Kwetu sisi watu hawaitwi kulima kwa maji matupu. Ukiita watu shambani bila chungu cha pombe, kijiji kizima kitauliza hao wamelipwa na nani. Na ninyi kupika pombe ni dhambi. Ndipo ukanitazama.

"Mimi?" nikasema.

"Wewe dini yako haikukatazi, wifi."

"Kwa hiyo mimi nitende dhambi ili ninyi mwende mbinguni?"

"Kwako si dhambi. Kwako ni pombe tu."

Nikakupikia. Nililoweka ulezi, nikauotesha, nikauanika, nikausaga, nikaupika, siku zile zote za kazi unazozijua. Chungu kikabebwa mpaka shambani, kikawekwa pembeni chini ya majani, kila apitaye akione. Jua likielekea kushuka, watu wakiisha kunawa, mmoja wenu alikuwa anakiinua na kumwaga pombe yote mferejini. Mara ya kwanza niliona kwa macho yangu nikapiga ukelele. Ulezi! Mwaka ule mvua ilikatika mapema, nusu ya kilichovunwa kilikuwa kimechukuliwa kwa ajili ya jeshi, na watoto wa jirani walikuwa wanakula mizizi. Ninyi mkamwaga ulezi mferejini, vyura wakalewa. Tuligombana mimi na wewe njia nzima ya kurudi. Uliniambia, "Ningeweza kukipeleka kwa walevi, wifi, lakini hapo nitakuwa nimewanywesha mimi." Nikakwambia Mungu wenu ana mambo mengi kuliko mama mkwe.

Hata hivyo nilipika tena, na tena. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu siku ile uliyotoka shambani ulikuwa unaimba kwenye jiwe, bila maneno, mdomo umefungwa, na nyumba ilikuwa na uhai.

Halafu barua za kaka yako zikakatika. Mwezi, miezi mitatu, miezi saba. Tulisikia wako Bama, ng'ambo ya bahari, kwenye misitu ya mvua, na kwamba watu wa huko wanapigana wamejificha juu ya miti. Mwezi wa nane, tarishi alileta habari kwa jirani yetu, yule mama wa Yeremia, kwamba mwanawe hatarudi. Ulikwenda kumpikia siku zote za msiba. Ulimkanda miguu. Nilikuona.

Asubuhi moja baada ya msiba ule nilikuwa kitandani, sina nguvu ya kuamka, na wewe uko kwenye jiwe. Nikakusikia unasali. Ulisema, "Baba, mrudishe kaka yangu." Nikasema amina kimoyomoyo. Ukaongeza, "Na yule anayempiga risasi, naye mrudishe kwao."

Wifi, nilikuchukia. Nalitamka neno hili kama lilivyo kwa sababu leo siandiki kujipamba. Nililala pale nikakuchukia mpaka meno yakaniuma. Mume wangu yuko porini, na dada yake wa tumbo moja anamwombea mtu anayetaka kumuua. Nilikuja nikala uji ulioupika, nikasema ahsante, na neno likabaki ndani kama jiwe kwenye kiatu.

Siku ya mwisho ya palizi ilikuwa kwenye shamba la Lazaro, yule mwenzenu mrefu. Mlimaliza, mkaondoka wawili wawili kama mlivyozoea, na siku hiyo wewe ulikuwa na homa, ukaniomba nibaki nimwage chungu. "Usisahau, wifi," ulisema. Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Nilikiinamia chungu, nikaona povu zuri limetulia, nikasikia harufu, nikawaza ulezi ule nilivyouokota punje kwa punje. Nikasema moyoni, kesho nitawaita wanawake wanipalilie karanga, pombe ipo tayari, Mungu ametoa. Nikakifunika kwa majani nikaenda kutafuta mtu wa kunisaidia kukibeba.

Niliporudi nilimkuta tarishi wa boma ameketi kando ya chungu. Alikuwa ametoka safari, ana kiu, na mtu mwenye kiu akipita shamba lililopaliliwa leo anajua pombe iko wapi. Alikuwa amefunua akitegemea kukuta machicha. Akakuta chungu kimejaa mpaka shingoni.

"Mama," akaniambia, "nimezaliwa nchi hii. Watu kumi na tano wamelima shamba zima, jua limezama, na pombe haijapungua hata funda. Hawa ni watu gani?"

Nikamwambia waliumwa matumbo. Wote kumi na tano, wifi. Ndilo nililopata.

Akaangalia shamba, akaangalia chungu, akatikisa kichwa. Alikunywa kata mbili kabla ya kwenda kutoa taarifa, kiu ni kiu.

Baraza liliitishwa siku ya nne. Katika siku zile tatu za katikati ungeweza kuvuka. Mpaka upo pale, tunauvuka kwenda kununua chumvi, na shangazi yenu yuko upande wa pili. Nilikufungia mkeka mwenyewe. Nikakwambia, "Ondoka, wifi, mambo yakipoa utarudi." Ukafungua mkeka ukautandika tena. Ukasema, "Nikikimbia, atakayeulizwa ni mpika pombe." Ukalala, ukageukia ukutani. Mimi ndiye niliyekesha.

Kibanda cha baraza kilijaa, waliokosa nafasi wakachungulia kwenye mafito. Jumbe alikuwa kwenye kiti chake, anajipepea, uso wa mtu aliyeamshwa. Karani wa boma alikuwa na meza yake na wino wake. Ninyi mlisimama upande mmoja, na chungu kililetwa kikawekwa katikati kama ndicho kilichoshtakiwa. Tarishi akaeleza alichokiona, na hakuongeza hata neno moja, lazima nimpe haki yake.

Ndipo Mzee Silwimba akanyanyuka. Unamkumbuka, mlevi wetu mkuu, aliyekuwa na kata yake mwenyewe ya kutembea nayo. Alikuwa mzee wa baraza kwa ukoo, si kwa busara. Akasema, "Jumbe, mwaka jana mlinitoza mbuzi kwa kunywa. Leo mnataka kuwafunga hawa kwa kutokunywa. Nielezeni tu mtu anywe kiasi gani, nami nijirekebishe."

Watu walicheka mpaka kibanda kikatikisika. Hata jumbe alificha mdomo. Mzee akaona amepata uwanja, akaendelea, na sasa hakuwa anatania. "Hawa tumezaliwa nao. Hawatuamkii, hatujafa. Hawanywi, mimi nakunywa yao. Vita iko Bama. Kwa nini tuilete kwenye chungu? Kesho karani atarudi na karatasi ya kukataza walevi, nani atanisemea mimi, kama leo sijawasemea hawa?"

Wifi, nakuapia, wakati ule mlikuwa mmeshapona. Nilimwona jumbe anatafuta njia ya kulifunga jambo. Akachota pombe kwa kata, akakuita kwa jina la ukoo. "Nanyinza, njoo. Mimi sitaki watu wangu wapelekwe boma. Meza funda moja tu mbele ya watu, niandike kwamba ilikuwa palizi kama palizi nyingine. Funda moja, mwanangu, twende tukale."

Ulipita karibu yangu. Nikakushika nguo nikakunong'oneza, "Kunywa. Mungu atafumba macho." Ukasema, "Hafumbi, wifi." Ulisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha ukamwambia jumbe, "Nakushukuru, baba. Siwezi."

Jumbe akashusha kata. Karani akachovya kalamu. "Nani aliyeipika hii?"

Na wewe, ambaye hukuweza kumeza funda moja kujiokoa, ukasema bila kutikisika, "Wifi yangu alipika, lakini hakujua. Nilimwambia tunalima na watu wa kawaida. Yeye ni mtu wa misheni, na mumewe ni askari." Hilo ndilo neno pekee la uongo nililowahi kulisikia kinywani mwako, na ulilisema kwa ajili yangu.

Karani akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya heshima, kwa sababu mke wa askari alikuwa mtu wakati ule. "Mama, umekaa na huyu nyumba moja. Tuambie wewe. Akisali, huwa anaomba nini?"

Hapa ndipo ninapofika kila siku, kwa miaka yote hii, na ndipo ninapogeuka na kurudi. Leo sigeuki.

Nilisema, "Haombi mabaya. Anawaombea wote. Hata wale wanaowapiga risasi askari wetu, anaomba warudi kwao wazima."

Sikumbuki kama nilitaka kukutetea au kukuchoma. Nimejichunguza kama mtu anayepekua mahindi kutafuta dumuzi, sijapata jibu. Maneno yenyewe yalikuwa ya kutetea. Sauti ilikuwa ile ya asubuhi nilipolala nikakuchukia. Ulimi hauna mfupa, hujipinda utakako, na wangu ulikuwa umengoja muda mrefu. Najua tu kwamba ulinitazama, na kwamba hukushangaa.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mama wa Yeremia alikuwa amesimama kwenye mafito. Alisema, si kwa kelele, "Uliyenikanda miguu." Basi. Hakuongeza. Akaondoka, na wanawake wakamfuata, na wanaume waliobaki hawakuwa wale wa mwanzo. Mmoja aliyecheka sana alitema mate karibu na mguu wako. Mzee Silwimba alikaa chini, akaitazama kata yake. Karani aliandika, akatusomea alichoandika, kwamba wewe uliwaombea adui ushindi. Mimi sikusema ushindi. Nilisema warudi kwao. Nilifungua mdomo nisahihishe, na mdomo, uliokuwa mwepesi mara ya kwanza, safari hii ulikauka. Jumbe akasema, "Hili si langu tena."

Wengine walikemewa, vitabu vyao vikachukuliwa, wakaachwa. Wewe, Lazaro na mwenzenu mmoja mlipelekwa boma, na kutoka boma kwenye gereza la mbali, nchi ya joto, ambako hatuna ndugu. Ulipopita nyumbani kuchukua nguo ulinikuta jikoni nimejifungia. Uligonga ukasema, "Wifi, uji uko kwenye chungu kidogo, usiungue." Sikufungua mlango. Nilikusikia unangoja, kisha nikasikia miguu ya watu.

Habari ya kufa kwako ililetwa na tarishi yuleyule, mvua za pili baada ya hapo. Ilikuwa homa, alisema. Nilikuwa kwenye jiwe, na niliendelea kusaga, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Alisimama pale akaniambia, "Mama, mimi niliripoti chungu tu. Nilidhani watamtoza mbuzi."

Kaka yako alirudi. Kama sala yako ilisikiwa nusu au nzima, sina wa kumuuliza. Alirudi amekonda, ana kikohozi na koti la jeshi, na kabla hajaketi akauliza, "Dada yangu yuko wapi?" Nikamweleza. Nilimweleza palizi, nikamweleza chungu, tarishi, karani. Nilimweleza hata kata ya jumbe na ulivyoikataa. Neno langu la barazani nililiruka, na kijiji kilinisaidia kuliruka, maana kila mtu pale alikuwa na lake la kuficha, kicheko chake au mate yake. Mama wa Yeremia alihamia kwa binti yake, huko Mlowo, na Mzee Silwimba akafa na kata yake mkononi. Hakuna aliyemwambia kaka yako. Lawama yote ikamwangukia tarishi.

Kaka yako hakunywa pombe tena tangu siku hiyo. Wala hakumwamkia tena tarishi. Tarishi alipokufa, kijiji kizima kilienda kuzika, na nyumba yetu haikwenda. Unajua maana yake kwetu nyumba isipotoa hata mtu mmoja wa kuchimba kaburi. Mjane wake alikuja baadaye akauliza, "Tuliwakosea nini zaidi ya kazi?" Kaka yako akamfungia mlango. Nilikuwa nyuma ya mlango ule. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa nguoni mwako ni mimi, na mtu mwingine amezikwa na lawama yangu.

Sasa sikiliza yaliyoniondolea usingizi. Vita imekwisha zamani, na watu wa mtoni wamepewa kibali. Kina mhuri. Wamejenga nyumba ya sala kwa matofali ya kuchoma, si mbali na kwetu, na Jumapili hii wanaifungua. Lazaro alirudi kutoka gerezani na mguu mmoja mbovu, ndiye mkubwa wao. Alikuja wiki iliyopita na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda chako, akasema, "Mama, wewe hukuwa wetu, na ulitupikia. Ulijitia hatarini kwa ajili ya watu waliochekwa na kila mtu. Jumapili tutakuketisha benchi la mbele, na tutasema mbele ya watoto wetu kwamba wakati wa vita alikuwepo mtu mmoja wa nje aliyesimama nasi."

Lazaro alikuwa barazani, wifi. Alisikia nilichosema. Nikamtazama nione kama ananisuta, na hapakuwa na kitu usoni mwake. Labda alishasamehe hata akasahau. Labda alisikia ya kutetea tu. Nami nikaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya pili nilifungua mdomo kusahihisha, na kwa mara ya pili ukakauka.

Nimewaza sana juu ya wakati ule. Tunasema serikali, tunasema karani, tunasema vita. Ni kweli, karatasi haikuandikwa na mimi. Lakini karatasi ilifika kwetu ikamkuta jumbe asiyetaka na mlevi aliyekataa, na ingeweza kurudi boma mikono mitupu. Ilihitaji mtu wa nyumbani. Kila karatasi kama ile huja ikimtafuta mtu wa nyumbani, aliyesikia sala kupitia ukutani. Watoto wa Lazaro waambiwe hilo, si habari za benchi la mbele.

Kwa hiyo barua hii sitaifunga. Nitamtumia Lazaro aisome mbele ya watu wote Jumapili, kabla ya nyimbo. Na kwa mjane wa tarishi nitakwenda mwenyewe kwa miguu.

Lakini haikuwa haki wageni waisikie kabla ya mwenye dada. Leo asubuhi nilimwomba kaka yako aketi, nikamsomea mpaka pale nilipoandika kwamba sikufungua mlango wa jiko. Hapo akaniambia, "Inatosha." Akauliza jambo moja tu. "Alikuwa anataka huyo wa kunipiga risasi arudi kwao?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilimwona mmoja. Alikuwa amelala kwenye matope, anamwita mtu kwa lugha yake. Nilimpita." Akanyanyuka, akavaa koti, akachukua jembe akatoka. Uji wake uko hapa mezani, umeganda juu.

Sasa jua limefika paani na hajarudi. Nimeona nimalize kuandika kabla hajarudi, kwa sababu akija sijui atakalosema, na sina haki ya kumwomba aseme lolote. Akiniambia nirudi kwetu, nitarudi. Ninachoogopa ni kimoja. Mimi na wewe hatukuzaliwa pamoja, wala hatukuzamishwa pamoja. Jina ninalokuitia limepitia kwake. Akiniacha, hata neno la kukuita sitakuwa nalo.

Basi acha nikuite sasa, kaka yako angali shambani. Nisamehe, wifi. Wifi yangu, nisamehe.

Ni mimi, mpaka atakaporudi,
wifi yako.